Faili la Vyuma Chakavu

Tida Kanteh alipoajiriwa katika nyumba ya kanda, hifadhi ya masimulizi ya kale, pale Brikama, jambo la kwanza alilofanya ni kuchomoa kipanya cha kompyuta, akakizungushia waya wake na kukitia kwenye droo. Miaka tisa imepita na kipanya bado kimo humo. Surua ilimpofua akiwa na umri wa miaka sita, na kumpa kitu cha kusogezea mshale asiouona kulikuwa sawa na kumpa kitana mwenye kipara.

Kazi yake yote aliifanya kwa kibodi. Programu aliyoitumia ilikuwa ya kizamani, haina mapambo, ila ilikubali kuamrishwa kwa vitufe vitupu: kimoja cha kusikiliza, kimoja cha kutia alama pale kipande kinapoanzia, kimoja pale kinapoishia, kimoja cha kukata. Sikio la kushoto alilitia kisikizio ambamo sauti kavu ya kompyuta ilimsomea kila alichobonyeza. Sikio la kulia aliwaachia watu wa zamani, waliorekodiwa kwenye kanda miaka hamsini iliyopita na ambao wengi wao wako makaburini. Tida aliwasafishia maneno yao. Kikohozi nje, jogoo nje, mtwango wa jirani nje, na mkwaruzo wa kanda iliyokunjamana nao nje.

Watu walipenda kumhurumia, na walipoteza huruma yao bure, maana Tida alikuwa na kiburi kikubwa. Alijua kwamba pale alipokata hapakusikika mshono. Akipita dukani na kusikia mahojiano redioni, alisimama kidogo, akanung'unika kwamba aliyekata hayo ana mkono wa mchinjaji, kisha ndipo akaulizia sukari.

Meza ya pili chumbani ilikuwa ya Demba Sowe, ambaye kazi yake ilikuwa kuchezesha kanda kwenye mashine kuukuu na kuziingiza kwenye kompyuta. Demba ni Mfula, mtu wa kabila la wafugaji, na Tida ni wa ukoo wa wahunzi. Wafula na wahunzi ni watani tangu enzi ambazo hakuna anayezikumbuka, kwa hiyo hakuna asubuhi iliyopita bila matusi.

"Mtumwa wangu ameshafika?" Demba huuliza kabla hajavuka kizingiti.

"Rudi ukakamue ng'ombe," Tida humjibu bila kugeuka. "Nani alikuruhusu kushika umeme?"

Baada ya hapo huulizana hali za nyumbani kwa heshima zote, mmoja baada ya mwingine, mpaka mbuzi.

Mwaka huo shirika moja la vitabu vya shule lilitaka masimulizi ya Bunama Suso, jali mkubwa, yaani msimulizi wa historia kwa urithi wa ukoo, aliyerekodiwa vijijini mwaka wa sabini na nne. Kanda thelathini na moja. Watoto wangeyasikiliza darasani. Bwana Darboe, msimamizi wa nyumba ya kanda, alikuja chumbani na masharti yaliyoandikwa kwenye karatasi, akayasoma: inatakiwa sauti moja tu, safi. Tida akauliza mwitikiaji atafanywaje. Bwana Darboe akasema mwitikiaji naye ni kelele, watoto watachanganyikiwa.

Tida alijua hilo si kweli, na Bwana Darboe pia alijua. Jali hasimulii peke yake. Kila kifungu anachokitoa, mtu aliyeketi mbele yake hukipokea kwa "naam", na asipopokewa husita. Mtu huyo huteuliwa palepale miongoni mwa waliopo. Na kwa kuwa kila aliyepo anamjua, anajua ni mtoto wa nani na shamba lake liko wapi, hakuna anayejisumbua kuandika jina lake. Juu ya kanda zote thelathini na moja paliandikwa Bunama Suso, tarehe na kijiji. Mgeni angeuliza, huyu mwingine ni nani? Lakini waliorekodi walikuwa wenyeji, tena wasomi, na hawakuona la kuuliza. Hivyo mtu aliyesema maneno elfu ishirini na kitu kwenye kanda zile hakuwa na jina.

Tida akakata. Ilimchukua miezi minne. Kwa kuwa diski ilikuwa imekaribia kujaa, aliamriwa kila kanda akishaisafisha aihifadhi juu ya ile ya mwanzo, na ile ya mwanzo ikapotea. Kanda zenyewe zilikuwa zikikatikia kwenye mashine ya Demba, na zilizonusurika mashine zilinyeshewa stoo mvua za Agosti. Kilichokatwa kilikuwa kimekwenda moja kwa moja.

Ila baba yake Tida alikuwa mhunzi asiyetupa hata msumari uliopinda. Chini ya mvukuto wake palikuwa na debe, na kila kipande cha chuma kilichoanguka kiliishia humo. Binti hakuwa na ujasiri wa kufuta kabisa. Kila alichomkata mwitikiaji alikibandika mwishoni mwa faili jingine, akaliita "vyuma chakavu". Demba alimuuliza atalifanyia nini, naye akasema hajui, mkono umekataa tu. Faili likakua mpaka likapita saa tatu za mtu mmoja akisema naam.

Na kwa kumkata akamjua. Palikuwa na naam ya asubuhi, nzito, yenye kipande cha kokwa ya kola kikitafunwa shavuni. Palikuwa na naam ya mafua, kanda ya nne hadi ya sita. Palikuwa na naam ya mtu anayesinzia, ikifuatwa na naam kali ya mtu aliyezinduka na hataki ijulikane. Jali alipotaja kifo, mtu yule alishusha sauti kabla hajaombwa. Tida alikuwa na mume zamani, akaachika, na Demba alidai kwamba mume mwenyewe hakuwahi kusikilizwa namna hii.

"Umeolewa na marehemu," alimwambia.

"Angalau huyu anaitikia," Tida akasema.

Jumanne moja ya mwezi wa Novemba, Bwana Darboe alimwagiza Demba asafishe diski kabla ya saa sita. Chochote kisichokuwa kwenye orodha kifutwe. Tida hakuwapo chumbani; amri aliisikia kwa mbali akiwa anatawadha, na aliporudi alikuta mgeni ukumbini.

Alikuwa mwanamke kutoka Kiang, jina lake Sirreh. Tida alimsikia kupitia mlango ulio wazi. Salamu zao na Bwana Darboe zilikwenda mwendo wake, wakaitana kwa koo zao, Sanyang, Darboe, Sanyang, Darboe, mpaka nyumba zote mbili zikawa zimeulizwa. Kisha mgeni akaeleza shida yake. Baba yake, Kausu Sanyang, alikuwa akiketi mbele ya Bunama Suso na kumwitikia. Kausu alifariki wakati mkewe ni mjamzito, na mimba hiyo ndiyo yeye Sirreh. Picha hakuacha. Mama yake alikuwa akimsimulia, lakini sasa mama naye amekufa, hata arobaini haijatimia, na hakuna tena anayeweza kumwambia sauti ile ilikuwaje.

"Nina miaka arobaini na minane," alisema. "Sijawahi kumsikia baba yangu. Nimeambiwa yumo kwenye kanda zenu."

Bwana Darboe alikuwa mtu mpole. Alifungua orodha, akaipekua ukurasa kwa ukurasa. Akamwambia kwa masikitiko kwamba hakuna Kausu Sanyang, na hakusema uongo. Akaongeza kwamba masimulizi ya Bunama yenyewe yapo, ila kwa sasa yana sauti ya Bunama peke yake.

Sirreh hakubishana. Alisema tu kwamba mama yake alipenda kusimulia siku moja hasa. Bunama aliwataja wajomba wa mama kuwa waliikimbia vita, na Kausu akakataa kuitikia. Alifunga mdomo. Jali akakwama, ua zima likakaa kimya, mpaka Bunama akarudi nyuma akawaita mashujaa, na hapo ndipo Kausu akasema naam.

Tida alishika ukingo wa meza. Kanda ya kumi na saba. Sekunde kumi na moja. Alizikumbuka kwa sababu alidhani mwitikiaji amekwenda kujisaidia, akazikata pamoja na maneno ya kwanza ya jali, akaunganisha mwanzo na mwisho kwa ustadi kiasi cha kujipongeza, na sekunde zenyewe akazitia kwenye vyuma chakavu. Aliona aibu kubwa.

"Demba," alisema polepole. "Umeshafuta?"

"Nimefuta."

"Vyote?"

Demba alikuwa akimimina chai kutoka juu, birika mkono wa kulia, kikombe mkono wa kushoto. Akamaliza kumimina kwanza. Kisha akasema kwamba vyuma chakavu ni mali ya mtumwa wake, na mali ya mtumwa haifutwi mwenyewe akiwa msalani.

Tida alitoka akiupapasa ukuta. Mgeni alikwisha kuaga, na kandambili zake zilisikika kwenye kokoto za uani, karibu na lango.

"Sanyang," Tida akaita.

Kandambili zikasimama. Tida akajitambulisha kuwa ni Kanteh, ndiye anayekata kanda, na akamwomba arudi ndani. Bwana Darboe alimuuliza anafanya nini, akamkumbusha kwamba faili hilo halimo kwenye orodha. Tida akamjibu kwamba orodha ndiyo yenye kosa. Hakuwa amewahi kumjibu hivyo, na pengine kwa sababu hiyo Bwana Darboe alipisha njia.

Alimketisha Sirreh kwenye kiti chake mwenyewe, naye akasimama nyuma ya kibodi. Akaona aseme kabla ya kitu kingine chochote.

"Baba yako nilimkata mimi," alisema. "Kila mahali alipokuwa, nimemtoa. Masimulizi yamebaki bila yeye, na siwezi kumrudisha alipokuwa. Nisamehe, dada."

"Ulimtupa wapi?"

"Sikumtupa. Yumo humu."

Tida akaomba atajiwe jina kwa matamshi ya kwao, akalipiga herufi kwa herufi huku sauti kavu ikimsomea sikioni. Jina la vyuma chakavu likafutika, na faili likaitwa Kausu Sanyang. Siku hizi kila kanda inayoingizwa pale Brikama ina nafasi mbili za majina, na Tida haanzi kazi mpaka ya pili imejazwa, mtu apende asipende. Lakini siku hiyo lilikuwa jina moja tu. Akachomoa kisikizio, akafungulia spika, akabonyeza.

Naam. Naam. Naam. Naam.

Ziliporomoka moja juu ya nyingine bila neno lolote katikati, na ukweli ni kwamba zilichekesha. Demba aliinama akajifanya anatafuta kitu chini ya meza. Tida alisikia bangili za Sirreh zikigongana, kisha zikatulia. Zilipita naam labda arobaini.

"Anamjibu nani?" Sirreh akauliza.

Tida akasimamisha. "Hakuna. Aliyekuwa akisema ametolewa."

Nje muuza samaki alikuwa akipiga honi ya baiskeli. Tida alifikiri mgeni analia, akawa anapanga la kusema, lakini Sirreh alipofungua mdomo sauti yake ilikuwa kavu, ya mtu aliyekuja na habari na amepewa nafasi ya kuitoa.

"Mimi ni Sirreh," alisema.

Kidole cha Tida kilielewa kabla yake. Kila naam ilikuwa bado na alama zake mbili, ya mwanzo na ya mwisho, jinsi alivyozikata. Akaiendea moja, akabonyeza.

"Naam," akasema Kausu Sanyang.

"Nilizaliwa miezi miwili baada yako. Walinipa jina la mama yako."

"Naam."

"Shamba la bondeni wajomba walilichukua, wakalirudisha. Sasa nalima mimi. Mpunga wa mwaka huu si mbaya."

Hapo Tida alimpa ile ya asubuhi, yenye kola. Alikwenda mbele na nyuma kwa vitufe, haraka kuliko alivyowahi kufanya kazi, akichagua. Sirreh alisimulia wanawe watano, mmoja wao kaburini, na Tida akaijua ya kutoa. Alisimulia paa la bati. Alisimulia jinsi mama alivyoposwa mara tatu akakataa mara tatu, na hapo Kausu akaitikia kwa ile naam kali ya mtu aliyezinduka, mpaka Sirreh akacheka. Bwana Darboe alikuwa ameketi kwenye kizingiti.

"Mama amekufa, baba," Sirreh akasema. "Mwezi uliopita. Alikuwa akikungoja."

Tida hakutoa naam. Alikwenda mpaka vipande vya kanda ya kumi na saba, akazitafuta zile sekunde kumi na moja ambazo mtu yule alifunga mdomo mbele ya ua zima kwa ajili ya mkewe, akazifungulia. Spika ikatoa mvumo hafifu wa kanda, na kwa mbali jogoo ambaye Tida alisahau kumtoa. Sekunde zikaisha zote, kisha ikaja, ya chini, ile iliyofuata baada ya ukimya siku ile.

"Naam."

Ndipo Sirreh akaweza kuendelea.