Mguu wa Aliye Hai

Nilipokuwa na miaka minane, miguu yangu ndiyo iliyopima shamba letu zima, na msidhani najisifu.

Mwaka ule njaa ilitukalia kooni. Mama alikuwa amemwaga mbegu za mahindi ovyo ovyo kama tulivyozoea, hata gunia hatukujaza. Ndipo akaja bwana shamba mpya, ambaye alikuwa mwanamke, na kamba ya katani yenye mafundo. "Tupande kwa mistari," alisema. Mama akakubali hapo hapo.

Bibi, mama yake baba, akaikamata ile kamba. "Thubutu! Kamba inapima kaburi. Shambani kwangu haipiti."

Kwetu waliamini hivyo: ukiipima ardhi kwa kamba, itangoja mtu wa kulazwa. Na miezi michache kabla, kaka yangu Sefu alipimiwa kaburi kwa kamba. Nilibaki mimi peke yangu.

Mama akaanza kulia, akamgeukia Bibi. "Sasa mama, tutakula nini?"

Nilidhani yule afisa atacheka, kama walivyocheka wenzake waliomtangulia. Wapi! Alichuchumaa mbele ya Bibi. "Basi bibi yangu, tupime kwa nini?"

Bibi akanitazama weee. "Kwa mguu. Mguu wa aliye hai."

Nikavuliwa ndala. Nyayo nne mstari hadi mstari, tatu shimo hadi shimo, mbegu mbili mbili. Bibi alinifuata nyuma akihesabu kwa sauti. Mistari ilipindapinda, lakini jamani, mahindi yalizaa! Tulikula mpaka msimu mwingine.

Leo naishi ughaibuni, mtaa wa Thorncliffe Park, ghorofa ya kumi na moja, na nina kipande changu kwenye bustani ya pamoja ya majirani. Mwezi wa tano nilimvua binti yangu viatu, nikamwambia apime. Akanijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba futi kamba imo kwenye begi.

"Najua, mwanangu. Wewe tembea tu."

Akatembea, akilalamikia udongo wa baridi. Nikajikuta nahesabu kwa sauti. Kumbe Bibi alikuwa akiiambia ardhi, hatua kwa hatua, kwamba mimi bado nipo. Yule afisa alimwelewa siku ile ile. Mimi imenichukua miaka yote hii, na mtoto wangu mwenyewe.

Jina la afisa sikulishika, namwombea hivyo hivyo. Na Bibi, ahsante. Bado nipo.