Ijumaa Kocha Alipomwacha Kaka Nje

Mwaka jana nilirudi Doha kwa siku nne, kikazi, na siku ya tatu nikamwomba dereva anipeleke Al Wakrah nikapaone tulipokulia. Jengo letu bado lipo, limepakwa rangi nyingine. Pale chini palipokuwa na mkahawa wa chai ya karak sasa wanauza simu. Nilisimama mlangoni pa ngazi na, nakuambia, rafiki yangu, pua yangu ilinusa pilau ya mama. Hakuna aliyekuwa akipika saa ile. Ilikuwa Ijumaa tu.

Sisi ni watu wa Tanga. Baba alikuwa akisimamia madereva wa hoteli moja mjini, na cheo hicho ndicho kilichomruhusu kutuleta. Wenzake wengi walilala watu sita chumba kimoja, watoto wao wakiwasikia kwenye simu. Mimi nilikuwa na miaka tisa. Kaka alikuwa na ishirini, anasoma chuo hapohapo Doha, na ukumbuke jambo hili: kijana wa umri wake hakuruhusiwa kukaa nchini kwa kibali cha baba yake ila awe mwanafunzi. Chuo kikimtoa, na iqama yake, hicho kibali cha kukaa, imekwisha.

Ghorofa ya juu yetu alikaa Kocha. Alikuwa Mmombasa, mwalimu wa michezo pale chuoni kwa kaka, aliyewahi kusoma Marekani na kurudi na mchezo wao, ule wa mpira wenye umbo la yai. Vijana wake waliucheza bila kuangushana. Kila mmoja alifungwa vitambaa viwili kiunoni, ukimchomoa kimoja amekamatwa. Mwenye kazi kubwa ni yule anayepokea mpira kwanza na kuamua autupe kwa nani. Wenyewe walimwita kwotabaki, sisi wa jukwaani tulimwita mrushaji. Kocha alikuwa amechukua kombe la vyuo mara tatu mfululizo, na kombe la tatu mrushaji alikuwa kaka yangu.

Kila Ijumaa baada ya sala Kocha alishuka kula kwetu. Hakuwa na mke pale. Mama alitandika mkeka sebuleni, akaweka sinia ya pilau na kachumbari yenye ndimu nyingi, na kazi yangu mimi ilikuwa kuzungusha maji ya kunawa. Kocha akinawa alinirushia matone usoni, nami nikapiga kelele, na mama akatugombeza wote wawili. Kisha alichukua vijiko na vikombe, akavipanga mkekani kumwonyesha kaka nani akimbie wapi. Baba alitafuna akitazama. Mchezo wenyewe hakuuelewa sana, lakini alipenda kusikia mwanawe akisifiwa. Saa kumi wote tulikuwa uwanjani na chupa ya chai na mfuko wa bajia.

Mwaka wa nne walifika fainali tena. Siku hiyo Kocha alishuka kula kama kawaida, ila hakunirushia maji wala hakupanga vijiko. Mama alimuuliza kama pilau imezidi chumvi. Alisema hapana, akasukuma sahani, akatangulia.

Uwanjani, filimbi ilipolia, aliyeingia katikati alikuwa kijana mwembamba wa mwaka wa kwanza. Kaka alibaki pembeni, jezi yake safi, mikono kiunoni, anamtazama Kocha. Kocha hakugeuka.

Jukwaa letu liliwaka. Pale tulikaa na watu wetu wa kila Ijumaa, askari wa geti la chuo, Mkenya, na dereva wa basi la wanafunzi, mtu wa Unguja.

"Wee! Huyu kocha ako sawa kweli?" askari alisema. "Unatoa namba moja kwa fainali, unaweka mtoto wa jana?"

"Keshachukua makombe matatu, nyinyi mnamfundisha kazi?" dereva akamjibu. "Yule mwembamba mkono wake mwepesi. Huyu wenu akishika mpira mpaka ausomee dua."

"Ausomee dua? Si ndiye alitupea kombe mwaka jana?"

"Mwaka jana ni mwaka jana, ndugu yangu."

"Basi angemwambia mapema! Angalia vile amemsimamisha hapo kama mwizi."

Ndipo baba akasimama. Sikuwahi kumsikia akipaza sauti mbele za watu, baba yangu aliyekuwa akiongea na madereva wake kama anayewanong'oneza. Alisimama juu ya kiti na kupiga kelele uwanja mzima ukasikia: "Katuuza! Mtu anakula kwetu, leo katuuza!"

Nami nikasimama juu ya kiti changu. "Katuuza!" nikapiga kelele. "Katuuza!"

Yule mwembamba aliwapa ushindi. Hilo ndilo lililomkata kaka, maana hakubaki na la kulalamikia. Walipompa kombe alishike, alilipitisha kwa mwenzake bila kulitazama.

Kesho yake nilikutana na Kocha kwenye ngazi. "Hujambo, mwanangu?" Badala ya kumwamkia shikamoo, nilimgeuzia uso na kumwambia, "Mnafiki." Aliendelea kupanda, polepole, akishika ukuta. Baba alikuwa mlangoni, alisikia kila kitu. Nilidhani nitachapwa. Aliniwekea mkono kichwani, akasema, "Wewe ndiye mwanangu." Siku nzima nilitembea na sifa ile kama nguo mpya.

Kocha hakushuka tena. Mama aliacha kumsalimia. Kaka aliuacha mpira wake barazani mpaka jua likaupasua, akajifungia na vitabu. Hesabu iliyomshinda mara mbili akaifaulu, akamaliza chuo, leo ni mhandisi Kanada. Wazazi walirudi Tanga. Na sisi, kwa miaka yote hiyo, tukitaka kumtaja mtu mbaya, tulimtaja Kocha.

Sasa turudi pale mlangoni pa ngazi. Lile neno la ngazini lilikuwa halijanitoka, nikamuulizia Kocha kwa mlinzi wa jengo, akanieleza kuwa alihamia Al Wukair, si mbali na hapo. Nikapelekwa. Alifungua mlango mwenyewe, nywele nyeupe, miwani kifuani, akanitambua kabla sijasema jina.

"Shikamoo, Kocha."

"Marahaba, mwanangu. Leo umeniamkia."

Nililia, sikufichi. Nikamwomba radhi kwa neno la ngazini, kisha nikamuuliza kile nilichotaka kumuuliza tangu nikiwa na miaka tisa. Kwa nini alimfanyia kaka vile?

Badala ya kunijibu, akaniuliza kama baba yu hai. Nikasema yu hai, mzima.

"Basi muulize yeye."

"Nakuuliza wewe, Kocha."

Akavua miwani. "Babako alinijia Alhamisi, siku moja kabla. Chuo kilikuwa kimemwandikia barua, kijana akifeli tena hesabu wanamtoa. Akitolewa, hana kibali, anarudishwa nyumbani. Akanambia, muondoe kwenye mpira. Nikamwambia mkataze wewe, ni mwanao. Akasema, nikimkataza mimi atanichukia. Wewe ukimwacha nje, atauchukia mpira."

"Lakini kwenye fainali?"

"Nilimwambia nitamwacha nje mazoezini, taratibu. Akakataa. Akataka iwe mbele ya watu, ili akate tamaa moja kwa moja." Akafuta miwani kwa shati. "Nami nilikuwa nikila kwenu. Ningemwambia nini?"

"Lakini alisimama juu ya kiti akakutukana!"

"Nilimsikia. Pengine watu walikuwa wakimtazama. Kutukanwa na jukwaa nilishazoea. Ila mamako kupita hanisemeshi, hilo lilinichukua miaka."

Nilimpigia baba usiku huohuo kutoka hotelini. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Alifaulu, hakufaulu?" Nikamwambia alifaulu. "Basi," akasema, na kuniuliza kama huko bado kuna joto.

Mimi naweza kuelewa hofu yake. Nami sasa naishi kwa kibali nchi ya watu, najua barua ya aina ile inavyomtetemesha mzazi. Nisichoweza ni ule mkono kichwani. Alijua ninamtukana mtu asiye na kosa, mtu aliyebeba siri yake, akanisifu. Ijumaa zile zilikuwa utoto wangu mzuri kuliko wote, mkeka, ndimu, matone ya maji usoni, na sasa siwezi kumsimulia mtu hata moja bila kufika pale juu ya kiti.

Asubuhi ya safari kaka alipiga simu kutoka Kanada. Alitaka kujua jengo liko vipi, bahari iko vipi. Halafu akacheka kidogo, kile kicheko chake cha kujikaza.

"Na yule jamaa? Bado yupo?"

Nilitazama dirishani. Baba ana miaka sabini na mitano, na kaka anampigia kila Jumapili.

"Hapana," nikamwambia. "Sikumwona."