Kipimo cha Chini

Kwa miaka ishirini na mitatu mtu yule alikuwa na kazi moja, na aliifanya akiwa na kofia kichwani na viatu vilivyong'arishwa kama anakwenda kusimamia harusi. Kila siku jua linapochomoza alishuka hadi mwisho wa gati, akapima joto la maji ya ziwa mara mbili. Kipimo cha juu kilikuwa chepesi. Unalala kifudifudi, unatumbukiza kipimajoto, unahesabu hadi mia, unasoma. Kipimo cha chini ndicho kilichotaka subira. Kipimajoto kilifungwa kwenye kamba yenye kipande kizito cha madini ya risasi, kikashushwa pima mbili, kikaachwa huko dakika kumi kamili kwa saa ya mkononi. Ukikivuta mapema kinakuja bado na joto la juu, kinakudanganya. Namba zote mbili ziliandikwa kwenye daftari la ofisi ya maji, na zikipishana kwa zaidi ya nyuzi nne, alipandisha bendera nyekundu, na siku hiyo haogelei mtu.

Sababu aliijua vizuri kuliko waliomwajiri. Upepo wa nchi kavu ukivuma siku mbili mfululizo, huyasukuma maji ya juu yenye joto kuyapeleka ng'ambo, na maji baridi ya chini hupanda taratibu kushika nafasi yao. Kwa macho huoni kitu. Juu panabaki utando mwembamba wa vuguvugu, na chini yake baridi ya kukata pumzi.

Kazi hii haikuwa na heshima kwa mtu. Ukweni waliwahi kumuuliza anafanya nini, akajibu, "Niko mambo ya maji," na wiki iliyofuata mama mkwe akamwita aje azibe bomba la jikoni. Akaenda, likamshinda, akarudi kwake amelowa hadi soksi huku mashemeji wakishika mbavu. Ofisini jina lake lilikuwa mwisho wa orodha, chini ya madereva. Alikuwa mtu wa mwandiko mzuri na maneno machache, ambaye watu humpa mkono huku macho yao yakimtafuta mwingine.

Ila kwa wiki mbili za kiangazi, kila mwaka, naye alikuwa mtu.

Wiki hizo walikuja wapiga kambi. Walikuwa watatu ambao hawakukosa hata mwaka mmoja, kila mmoja na hema lake. Wa kwanza alikuwa mhandisi wa barabara kutoka nyanda za juu, mrefu, mbishi. Wa pili alikuwa mkunga mstaafu kutoka pwani, mama mnene ambaye ulimi wake haukumwogopa mtu. Wa tatu alikuwa mfanyabiashara wa nafaka kutoka tambarare kame, ambaye wenzake walimwita Mzee wa Jua. Walikutana hapo kwa bahati, wakapatana, na burudani yao kubwa ilikuwa kushindana ni kwa nani kuna hali ya hewa mbaya zaidi. Mwamuzi wao alikuwa mpima maji. Wakambatiza Bwana Nyuzi, wakamwekea kiti chake cha turubai, na kila asubuhi walimpokea kwa swali lile lile: "Bwana Nyuzi, maji yanasemaje leo?" Yeye husimama wima na kutaja namba zake mbili, nao humsikiliza kimya. Nyumbani kwake hakuwahi kusikilizwa hivyo.

Mzee wa Jua ndiye aliyekuwa karibu naye zaidi. Alifika mwaka wa kwanza hajui kuogelea, na Bwana Nyuzi ndiye aliyemfundisha, mkono chini ya tumbo kama anavyofundishwa mtoto, mtu wa miaka hamsini na mbili. Mzee huyo alikuwa mwenyekiti wa kamati ya shule kwao, na pombe hakuwa ameionja maishani mwake. Mhandisi akifungua chupa yake jioni, yeye humimina chai ya rangi na kusema, "Mimi jua la kwetu linanilewesha bure."

Mwaka wa tisa wa kambi hiyo, upepo wa nchi kavu ulivuma siku mbili. Ulipeperusha vifuniko vya sufuria na kung'oa vigingi vya mahema. Siku ya tatu kulipambazuka shwari, ziwa limetulia kama sinia. Bwana Nyuzi akashuka gatini. Juu alipata nyuzi ishirini na nne. Akashusha kamba, akatazama saa. Dakika ya kwanza ikapita, na ya pili.

"Bwana Nyuzi!" Mzee wa Jua alikuwa amesimama mbele ya mahema na kikombe mkononi. "Acha huko! Chai inapoa, na huyu Mhandisi anadanganya watu. Njoo utuamulie!"

"Nakuja, ngoja kidogo."

"Maji hayakimbii, kaka! Njoo!"

Akatazama saa tena. Akatazama ziwa, lililokuwa zuri kuliko siku zote. Akavuta kamba. Kipimajoto kilionyesha ishirini na tatu, naye alijua kwamba hiyo si namba ya chini. Moyoni akajiambia kwamba atarudi baada ya chai. Lakini ukurasa wenye nafasi tupu ulimchukiza, alikuwa mtu wa hivyo, basi akaandika ishirini na mbili, kama alivyopata kabla ya upepo, akafunga daftari.

"Yanasemaje?" wakamuuliza.

"Ishirini na nne juu. Ishirini na mbili chini."

"Uji!" akasema Mkunga. "Mtoto mchanga anaoga."

"Uji gani, nyuzi ishirini na nne?" Mhandisi akadakia. "Ninyi watu wa joto mnadeka. Kwetu kipupwe unaamka unakuta umande umeganda kwenye majani, unakatika kama kioo. Na ziwa letu la mlimani tunaingia hivyo hivyo. Nyuzi kumi na nne. Tunatoka tunacheka."

"Mnacheka au meno yanagongana?" Mkunga akamuuliza. "Usichanganye mambo. Kwetu ndiko kuna tabu. Unaanika shuka asubuhi, jioni unaianua imelowa kuliko ulivyoianika. Hata chumvi mezani inatoka jasho. Ukiingia majini husikii kama umeingia, joto la ndani na la nje mamoja."

"Afadhali ninyi mna unyevu," akasema Mzee wa Jua. "Kwetu mvua ikipotea njia ikafika, watoto wanatoka darasani kwenda kuishangaa, na mwalimu yuko mbele yao. Na ziwa letu ni la chumvi tupu. Hata ukitaka kuzama, linakutema kama kokwa. Bwana Nyuzi, toa hukumu. Nani ana tabu?"

Bwana Nyuzi akasema mwenye tabu ni yeye anayewasikiliza kila mwaka, wakacheka wote. Mzee wa Jua akacheka kuliko wenzake, akavua shati.

"Basi ninyi bishaneni. Mimi nakwenda kuyapima kwa mwili."

Akaogelea taratibu hadi kwenye jukwaa la mbao lililoelea mbele ya gati, akapanda, akawapungia mkono. Kisha akajirusha kichwa mbele, kama alivyofundishwa.

Walingoja kichwa chake kitokeze. Mkunga alikuwa bado anatabasamu. Kisha Mhandisi akasimama, na Bwana Nyuzi alikuwa tayari anakimbia. Aliingia majini na viatu vyake. Kifuani maji yalikuwa vuguvugu, lakini kutoka kiunoni kwenda chini baridi ilimbana kama koleo, pumzi ikamruka. Hapo hapo, kabla hajamgusa mwenzake, alijua alichokifanya.

Alimvuta hadi ufukweni, wenzake wakampokea. Mkunga alimkandamiza kifua hadi nguvu zikamwishia, kisha akakaa chini kwenye mchanga, akavua mtandio wake, akamfunika uso.

Afisa wa uchunguzi alikuja siku ya pili, akafungua daftari. Alikuwa kijana nadhifu, mwenye haraka.

"Upepo hakuna, maji ni ya joto juu na chini," alisema. "Mtu mzima anayejua kuogelea anazamaje hapa? Pombe kambini ilikuwepo?"

"Ilikuwepo," akajibu Mhandisi. "Lakini ilikuwa yangu mimi. Yeye hanywi."

"Kila mtu anayekufa hanywi," akasema afisa, akaandika.

Bwana Nyuzi alisimama pale pale, kofia mkononi. Afisa alipomaliza, yeye ndiye aliyelipokea daftari, akalirudisha mahali pake.

Usiku huo alimweleza habari ya namba, ila si ya aliyemwita chai, mkewe, aliyekuwa fundi wa kushona sare za shule. Mkewe alimsikiliza bila kuinua macho kutoka kwenye cherehani.

"Daftari limeshasema," akamwambia mwishowe. "Ukilipinga, watakufukuza, na watoto wako wataitwa watoto wa muuaji. Aliyekufa hasikii. Nyamaza, baba watoto."

Akanyamaza. Alipima maji kila asubuhi, dakika kumi, siku nyingine kumi na tano. Mwezi wa nne tangu msiba ikafika barua ya Mkunga. Alikuwa amekwenda kutoa pole huko tambarare, na aliyoyakuta yalimnyima usingizi. Ripoti ilikuwa imefika kwao: inaelekea marehemu alikuwa amelewa. Kaka zake wakalishika neno hilo. Jina lake lilifutwa kwenye ubao wa kamati ya shule, ndugu hawakumtaja tena, na binti yake aliacha masomo kwa sababu wenzake walimpokea darasani kwa kuyumbayumba kama walevi. "Mjane wake hali, halali, anaandika barua kila ofisi," Mkunga aliandika. "Anasema mume wake hakuwa hivyo. Wanamjibu kwamba namba hazisemi uongo."

Bwana Nyuzi aliisoma barua mara tatu. Asubuhi iliyofuata alipima maji, akaandika, kisha akapanda basi bila kumuaga mtu ofisini.

Safari ilichukua siku mbili. Nyumba aliyoelekezwa ilikuwa na ua uliofagiwa hata mistari ya ufagio ikaonekana, na sebuleni rafu ya vitabu vilivyopangwa kwa urefu. Mjane alikuwa mwanamke mwembamba mwenye miwani, aliyewahi kuwa mwalimu mkuu. Alimkaribisha kiti, akamletea maji ya kunywa, akakaa mbele yake ameshikilia magoti.

"Shemeji," Bwana Nyuzi akaanza.

"Wewe ndiye yule aliyemfundisha kuogelea."

"Ndiye mimi, shemeji. Maji ya chini sikuyapima. Niliandika namba ya uongo. Chini kulikuwa na baridi inayoweza kuua mtu mzima, na bendera sikuipandisha. Hakunywa kitu. Alikunywa chai, nami nilikuwa naye."

Mjane hakulia. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya nguo, akaivaa tena.

"Miezi minne," alisema. "Miezi minne nalala na aibu isiyokuwa yangu, na wewe unayo mfukoni."

"Nilikuwa mwoga."

"Hilo naliona. Usiniite shemeji tena. Kipimo hicho kinachukua muda gani?"

"Dakika kumi."

"Dakika kumi zilikushinda? Kwa nini?"

"Niliitwa chai."

"Na nani?"

Bwana Nyuzi akatazama sakafu. Njia nzima, siku mbili kwenye basi, alikuwa amejiapiza kwamba hili halitatoka.

"Na wenzangu," akasema.

"Mimi nimekaa na wanafunzi miaka thelathini. Najua mtu anapopunguza maneno. Nani?"

"Yeye mwenyewe, mama. Ndiye aliyeniita. Aliniita mara mbili."

Nje mtu alipita akisukuma baiskeli, mnyororo ukilia. Mjane akanyanyuka, akaleta karatasi yenye mistari na kalamu, akaviweka mezani.

"Andika yote kwa mkono wako," akamwambia. "Namba, dakika, bendera, chai. Lakini hilo la mwisho usiliandike. Wakilijua mashemeji zangu, watasema alijiua kwa mdomo wake. Nimechoka kumzika. Unanielewa?"

"Nimeelewa."

"Na usilitamke popote. Hata nyumbani kwako."

Aliandika ukurasa na nusu kwa mwandiko wake mzuri. Mjane aliusoma, akamrudishia mara moja kwa sababu alikuwa ameandika "nilisahau". "Hukusahau," alisema. "Ulichagua." Bwana Nyuzi akasahihisha, akatia sahihi.

Kesho yake karatasi ilisomwa katika ukumbi wa shule mbele ya kaka za marehemu. Mkubwa wao alitaka kumpiga, akazuiwa. Mwingine alimuuliza kama ana watoto, na alipojibu kwamba anao, akamtemea mate miguuni. Yeye alisimama. Hakuna aliyeomba msamaha kwa neno ulevi, lakini halikusemwa tena, na mwezi uliofuata jina lilirudishwa kwenye ubao wa shule kwa rangi mpya.

Ofisi ya maji haikumkawiza. Barua ya kumfukuza ilikuwa na mistari miwili, na aliyeileta ni dereva mmoja ambaye hakukubali kuingia ndani. Wapiga kambi hawakurudi ziwani. Mhandisi aliandika mara moja, barua ndefu yenye maneno mabaya, na hakujibiwa.

Jioni moja mkewe alikuwa akikunja sare za mteja kitandani, shati juu ya shati. Aliuliza bila kugeuka.

"Ina maana siku ile wewe peke yako ndiye uliyekosa? Hakuna mwingine hata mmoja?"

"Mimi peke yangu," akajibu.

Mkewe alimtazama kwa muda mrefu, kama mtu anayetafuta doa kwenye kitambaa. "Kuna neno unanificha," akasema, akabeba sare zake, akaenda kulala chumba cha watoto, na tangu siku hiyo huko ndiko alikolala.