Landrova Juu ya Lori

Landrova ya kijiji chetu cha ujamaa iliteremshwa bandarini Bukoba ikiwa imekufa. Serikali ilikuwa imetuahidi gari la wagonjwa, na ahadi ilitimizwa: gari lilikuwepo, lina viti virefu nyuma na bodi isiyo na tundu hata moja. Injini tu ndiyo haikuwaka, na ilisemekana spea zipo njiani.

Nilikuwa nesi wa zahanati yetu, upande wa Muleba, kwa hiyo nilitumwa kuipokea pamoja na mwenyekiti wa kijiji. Alikuwa mtu mnene mwenye sauti nzuri. Aliniambia kwamba mimi nitaipokea kwa upande wa wagonjwa, yeye ataipokea kwa upande wa siasa.

Tulipata lori lililokuwa limeleta kahawa mjini na linarudi tupu. Dereva wake, mtu mwembamba wa Kitendaguro, hakuwa na mazungumzo mengi. Alilirudisha lori kinyumenyume mpaka kwenye ukingo wa udongo, akalaza mbao, na wapagazi wakaisukuma landrova ikapanda. Kisha akaanza kuifunga. Alivuta hendibreki, akaingiza gia, akapigilia vipande vya gogo mbele na nyuma ya kila tairi, akapitisha minyororo kwenye eksheli. Mwenyekiti alichoka kutazama, akaenda kunywa chai, akarudi, akachoka tena.

"Mbona unaifunga kama mwizi?" akauliza.

"Mwizi ana miguu," dereva akajibu. "Hii ina magurudumu."

Mwenyekiti akaeleza kwamba yeye angekaa ndani ya landrova, nyuma ya usukani, ili wananchi waione ikiingia kijijini na kiongozi ndani yake.

"Mzigo haupakii abiria, ndugu mwenyekiti."

"Mimi si abiria. Mimi ni mwenyekiti."

"Basi mwenyekiti atakaa mbele na mimi."

Tulipoipita Rwamishenye tu, dereva alisimama kukaza minyororo, kwa sababu mzigo ukishatulia minyororo hulegea. Akasimama tena baadaye, na tena. Mwenyekiti alisema ng'ombe wangekuwa wamekwisha kuifikisha. Baada ya Kemondo mvua ikatukuta.

Kwenye kona moja, pembeni ya kibanja cha migomba, tuliwaona wanaume wawili na machela, na bibi mmoja aliyeushika mgomba mmoja kama vile ndio uliomchelewesha. Ndani ya machela alilala mkwe wake, mwanamke kijana, mimba ya kwanza. Walikuwa wakimpeleka hospitali ya misheni iliyokuwa mbele yetu. Nilishuka nikampima. Uchungu haukuwa unapumzika tena. Hospitali hangeifikia.

"Tumpakie mbele," mwenyekiti akasema.

Pale mbele hangeweza kulala, na chini kulikuwa tope tupu. Nikatazama juu. Sehemu kavu ilikuwa moja.

"Dereva, nataka mle ndani."

Aliitazama landrova, akaitazama minyororo, akamtazama yule mwanamke. "Mle hapandi mtu lori likitembea."

"Basi lisitembee."

Akafikiri. "Hapo sawa," akasema, akazima injini.

Kisha akaenda kutafuta mawe ya kuweka kwenye magurudumu ya lori, akaanza kuukagua mnyororo mmoja mmoja. Bibi akamwuliza kama anafunga gari au anafunga uchungu wa mkwewe. Alipomaliza alishika machela upande wa kichwa, wakampandisha taratibu.

Nilipiga magoti kati ya viti virefu. Niliogopa, sikuwa nimewahi kumzalisha mwenye mimba ya kwanza peke yangu. Lakini landrova haikutikisika hata kidogo. Zahanati yetu ilikuwa na kitanda kinachoyumba zaidi.

Mwenyekiti alisimama nje kwenye mlango wa nyuma, ametugeuzia mgongo kwa amri ya bibi, ameinua jani la mgomba kuzuia mvua. Sijui ni haya au mazoea, akaanza kuwaeleza wale wabeba machela umuhimu wa zahanati vijijini.

"Waitu mwenyekiti," bibi akasema kwa adabu ya Kihaya, "nyamaza mtoto apate kutoka."

Akanyamaza. Mtoto akatoka, wa kike, akalia kwa nguvu, na mimi nikalia kidogo.

Tulimteremsha mama, akakaa mbele na mtoto, bibi na mimi tukabanana pembeni. Mwenyekiti akaitazama landrova, kisha akamtazama dereva. Hakuuliza. Alipanda nyuma ya lori, nje ya landrova, pamoja na wabeba machela, mvua ikiwa haijakatika.

Baada ya kuwaacha hospitali, dereva akauliza, "Yule mama hakutikiswa?"

"Hakutikiswa."

Akasimama kukaza minyororo.

Kijijini walitupokea kwa ngoma. Landrova ikakaa mbele ya zahanati kusubiri spea, na kabla hazijafika wanawake wawili wakaja kuomba wajifungulie humo. Mmoja nilimkubalia. Wa pili nilimrudisha nyumbani, mimba yake ilikuwa bado changa.