Mji wa Jirani Ninaoujua Kuliko Kwetu

Nakumbuka siku moja babu yangu akichonga mpini wa jembe mbele ya nyumba yetu, milimani juu ya Ziwa Tanganyika, upande wa Kongo. Mti ule ulikuwa mgumu, unanukia kama pilipili. Ukiushika, mikono inanukia mpaka kesho yake. Lakini mti sio maneno yangu. Maneno yangu ni kwamba babu aliniita nikae, akaanza: "Kijiji hiki kilianza na mtu mmoja na mbuzi jike mwenye mimba. Mtu huyo alitoka..."

Nikamkatiza. Nilikuwa kijana, nina viatu vya mpira vya kuazima, wenzangu wananipigia mluzi.

"Babu, hadithi haiozi. Utaniambia kesho."

Akacheka. "Nenda, mshambuliaji. Mguu wako una haraka kuliko sikio."

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Niliinama, mwanangu, lakini kufunga kamba za viatu. Tena tulifungwa mabao manne. Na usiku haujaisha, vita vikatuvusha ziwa. Babu alibaki.

Sasa nirukie huku Sydney, Mount Druitt, wakati wa Kovidi, tulipofungiwa ndani hata vilio tukalia kwa simu. Jirani yangu alikuwa mzee Mswisi, Ueli, mjane, aliyewahi kutengeneza mashine za kupasulia mbao Tabora ujanani. Kiswahili chake cha gereji: matusi yote, salamu nusu. Kila asubuhi tulisimama, uzio katikati, barakoa kidevuni, chai mkononi, naye ananisimulia mji wao. Mji mdogo, jina lake linakwaruza koo.

Alianza na watu wa kale kabisa, waliojenga nyumba juu ya nguzo kando ya ziwa. Nguzo zingine bado zimo matopeni. Jumatatu wakaja Warumi na barabara yao. Jumanne ukuta na soko. Alhamisi moto ukala mji, ukaacha mnara wa kanisa. Halafu viwanda vya kufuma, halafu reli, mpaka duka la mikate la leo, pale bibi yake alipouza maziwa. Alisimulia kama mtu anayehesabu watoto kabla ya kufunga mlango. Ndege hazikuruka, na miguu yake ilikuwa imevimba. Alijua haendi kwao tena.

Nikamtania: "Mji kama kiganja, historia ndefu kama mkia wa kima!"

"Na kijiji chako, punda wewe?"

"Kilianza na mtu mmoja na mbuzi jike mwenye mimba."

"Halafu?"

Nikamwaga chai iliyopoa.

"Halafu nikaenda kucheza mpira."

Hakucheka. "Uliza watu," akasema. "Kesho uniambie."

Nikampigia mama mmoja mzee wa kwetu, yuko Campbelltown, hukuhuku Sydney. "Weye!" akasema. "Si nyinyi mliofungwa manne? Sasa ndio unauliza?" Alikumbuka kipande kimoja tu: mbuzi alizaa mapacha njiani, akashindwa kutembea, na yule mtu hakutaka kumwacha. Ndipo akajenga. Alitoka wapi, mama hakujua. Basi, kijiji chetu kizima ni huruma kwa mbuzi, na mimi nimekijua nikiwa sina meno.

Majuto ni mjukuu, wanasema. Mwanangu, wewe unayenijibu Kiingereza, nijibu hivyohivyo, lakini kaa. Mzee akianza neno, vua viatu, mngoje alimalize. Akirudia, acha arudie. Mungu akupe sikio refu kuliko mguu, na siku ukiulizwa "halafu?", usijibu mpira kama mimi.

Ngoja, sijamaliza ya jirani. Asubuhi baada ya simu ile nilitoka mbio na mbuzi wangu mdomoni. Ueli alikuwa uzioni, kachoka.

"Nimempata!" nikasema. "Mbuzi alizaa..."

Akainua mkono. "Kesho, rafiki. Kesho." Akaweka kikombe juu ya uzio, akaenda zake polepole, hakurudi tena. Naye tukamlilia kwa simu.