Shamba la Mama Oresti Kwenye Viti vya Sumbawanga

Mkoa wa Rukwa ulipoanzishwa, nyumba ya wageni ya serikali mjini Sumbawanga ilihitaji mapazia na vitambaa vya viti. Kiwanda chetu cha nguo, Dar es Salaam, kilikuwa bado kinachapa maua ya waridi yaliyonakiliwa kutoka vitabu vya kigeni. Mimi nilikuwa mchoraji mgeni kuliko wote, na nilisema mkutanoni kwamba Ufipa, nyanda za huko Rukwa, ina sura yake, tena nzuri. Meneja akanitazama.

"Basi, Ndugu, nenda ukatuletee hiyo sura. Nakupa siku kumi na nne. Ukichelewa, mapazia ya waridi yanakwenda."

Jumatatu alfajiri nilipanda basi la Mbeya nikiwa na mkoba wa karatasi, rangi na sweta la kuazima.

Mbeya, siku ya tatu, nilipata nafasi kwenye lori la Mzee Salum, mfanyabiashara wa Sumbawanga aliyekuwa akirudi na chumvi, sabuni na mabati. Ilikuwa Machi na barabara ilikuwa tope. Mara mbili tulishuka kukata nyasi za kutia chini ya magurudumu.

"Umetoka Dar kuja kuchora nyasi?" aliniuliza tulipokuwa tumekwama mara ya pili. "Hizi hapa. Chora hizi, turudi."

Baada ya Tunduma nchi ilifunguka. Sikuwa nimewahi kuona anga pana namna ile. Miti ilikuwa michache, vilima vimelala kimoja nyuma ya kingine, na kwenye miteremko yake yalitapakaa matuta ya duara, meusi, mamia kwa mamia, kila moja na kofia ya majani mabichi ya maharage. Kwa mbali ungedhani tayari ni kitambaa, kimeanikwa.

Sumbawanga tuliingia Alhamisi, baridi ikiuma. Mzee Salum alinionyesha duka lake na kunipa onyo. "Jumatano alfajiri naondoka. Ukinikosa, utangoja wiki nzima."

Ijumaa nilikwenda kwa miguu hadi Pito. Mwenyekiti wa kijiji alinikabidhi kwa Mama Oresti, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini na mikono mipana. Shamba lake lilikuwa kwenye mteremko mkabala na nyumba, na kijijini walilisifu. Nikampa shikamoo, nikamweleza kazi yangu, na kwa furaha nikamwahidi kwamba mchoro utaitwa Shamba la Mama Oresti. Jina hilo lingechapwa kwa herufi ndogo pembeni mwa kitambaa, kama desturi ya kiwanda.

"Jina langu kwenye mapazia ya serikali," alisema polepole. "Haya. Kula kwanza."

Siku nne nilichora. Nilikula ugali wa ulezi na maharage, nikalala karibu na jiko, na kila asubuhi nikaona ukungu ukiinuka juu ya matuta kama mtu anayevua shuka. Rangi zilinikubali: kahawia nzito, kijani cha maharage, kijivu cha ukungu.

Jumatatu jioni niliiweka karatasi ukutani. Mama Oresti aliisogelea, akarudi nyuma, akaisogelea tena.

"Shamba la nani hili?"

"Lako, mama."

"Si langu."

Baba Oresti, mumewe, alicheka hadi akakohoa. "Mke anayelima hivi ningemrudisha kwao."

"Wewe nyamaza. Tuta lako la pembeni mbuzi hulipita bila kujikwaa." Kisha akanigeukia. "Mwanangu, umeyapanga kama askari. Moja chini ya jingine mpaka mwisho." Akaweka kidole juu ya karatasi, akakishusha kati ya safu mbili hadi chini bila kugusa tuta hata moja. "Mimi ni maji. Nani amenizuia? Mvua moja tu, udongo wote uko kwa jirani."

Nilitazama nje. Kweli, kila tuta lilikaa chini ya nafasi iliyoachwa na mawili ya juu yake. Siku nne nilikuwa nimeliangalia shamba lile na kulinyoosha bila kujijua. Nikajitetea kwamba hata nyumba mpya za kijiji zimepangwa kwa mstari.

"Nyumba watupangie wanavyotaka. Matuta waniachie mimi." Akaketi. "Wifi zangu wote wako mjini. Wataliona pazia, watasoma jina, watasema ndiyo maana kaka yetu amekonda. Lifute jina langu, au lichore shamba langu."

Jumanne alinipa jembe. Nilikata nyasi pamoja na udongo wake, nikazigeuza majani yaangalie ndani yapate kuoza, nikafunika kwa udongo mpaka likawa tuta. Kufikia mchana nilikuwa na matuta matano na mgongo wa bibi kizee. La tano alilibomoa kwa mguu, akaniambia nilisogeze kidogo.

Jumatano alfajiri nilikwenda mjini bila mchoro mpya. Nilimsihi Mzee Salum angoje siku mbili.

"Binti, chumvi haingoji matuta," alisema. "Panda. Mchoro wa kwanza unao, wa Dar watajuaje?"

Wasingejua. Sumbawanga wangejua. Lori liliondoka, nami nikarudi Pito.

Mchoro wa pili ulinitoa jasho. Kitambaa huchapwa kwa fremu, na fremu ikiisha mchoro huanza upya. Matuta ya chini ya fremu moja yalipaswa kuangukia kwenye nafasi za fremu inayofuata, na kando vilevile. Mama Oresti alikuwa akiacha kupepeta maharage na kupitisha kidole chake. "Hapa nimepita," alisema, nami nikafuta. Jumapili baada ya misa, kidole kilikwama kila mahali.

"Sasa andika jina."

Dar nilifika nimechelewa wiki nzima. Mapazia ya waridi yalikuwa yameshashonwa na kutumwa. Meneja alinigombeza vya kutosha, kisha akaushika mchoro akakaa nao muda mrefu. Viti vilikuwa havijavishwa. Akautoa mchoro ukachapwe.

Nilisimama karibu na fundi wa viti siku ya kukata. Alitaka kulaza kitambaa ubavu ili kisipotee, nikamkatalia, kwa kuwa hivyo matuta yangejipanga tena kama askari na kuacha mfereji kati yake. Tangu safari ile sichori shamba kabla sijamuuliza mwenye jembe maji yanapita wapi.

Miezi ikapita, ikaja barua kutoka Pito, imeandikwa na mwalimu kwa niaba ya Mama Oresti. Alikuwa amekwenda mjini kuviona viti.

"Mapazia ni mabaya," ilisema barua. "Kitini nilimkuta wifi yangu mkubwa amekalia matuta yangu, anapiga soga. Nilimwambia ainuke kwanza, ayaone."