Kipindi cha Saa Nane Kichuguuni

Binti wa jirani yangu hapa Murusagamba anasoma historia chuo kikuu, Dar es Salaam, ila mwaka huu kaahirisha masomo amuuguze baba yake aliyepooza. Asubuhi anamwogesha mzee, anamnywesha uji, kisha anapura maharage mpaka viganja vinachubuka. Kulalamika, hujamsikia. Lakini Jumanne na Alhamisi, ikikaribia saa nane mchana, hata umwite mara kumi haji. Ananawa mikono, anavaa viatu vya kufunga kamba, viatu, shambani! Halafu anapanda kichuguu kilicho nyuma ya migomba yangu, maana mtandao unashika pale tu. Rafiki yake aliyeko darasani humpigia na kuiacha simu wazi, naye anamsikiliza mwalimu, daftari magotini.

Juzi nilikuwa napita na mkungu kichwani. Mwalimu akauliza swali. Sikulielewa, mimi niliishia la saba. Huyu binti akanyoosha mkono. Juu kabisa, peke yake, hakuna wa kumwona ila mimi na kunguru.

“We mtoto, unamnyooshea nani? Sema basi!”

Akaifunika simu kwa kiganja. “Shikamoo shangazi. Nikisema, mwenzangu atafukuzwa. Simu haziruhusiwi darasani.”

“Marahaba.” Nikautua mkungu, nikakaa chini. “Haya, nijibu mimi.”

Akanijibu, tena kirefu, kwa kunong'ona. Nikamwambia, “Umepata.” Wala hakugeuka. Kule kwenye simu mwalimu alikuwa anamsifu mwingine.